Macho ya Kukodi

Kibali cha kwenda kuwaona gorila wa milimani hununuliwa Kampala, katika ofisi za Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda zilizoko Kamwokya, kwenye barabara ya Kira, jirani na Makumbusho ya Uganda. Tangu Julai 2024 mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 800. Raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda. Kibali huandikwa jina la mnunuzi, tarehe na upande wa msitu atakaoingilia. Hakimtaji popote mtu atakayeamka gizani siku hiyo, avae gamboti, ashike panga na kwenda kuwatafuta wanyama hao kabla mgeni hajamaliza chai yake.

Na mtu huyo ndiye bidhaa yenyewe. Gorila hawana miadi na yeyote. Wako Bwindi, kusini-magharibi kabisa mwa nchi, katika kilomita za mraba 331 za miteremko mikali, magugu yanayofunga njia nyuma ya aliyepita, na ukungu unaopanda kutoka mabondeni asubuhi. Mgeni akiachiwa atafute mwenyewe atazunguka juma zima na kuambulia michubuko. Anacholipia ni macho ya watu wengine, pamoja na pua na masikio yao, yaliyonolewa kwa miaka mingi. Ni ufundi usioimbwa sana, na sababu mojawapo ni kwamba ukifanywa vizuri hauonekani. Mgeni hurudi Kampala akisimulia jinsi alivyokuwa na bahati.

Safari yenyewe huchukua siku kadhaa. Gari huondoka mjini mapema, kabla foleni za Nateete au Busega hazijakaza, likapita Mityana na Mubende hadi Fort Portal, kituo cha kwanza kikiwa msitu wa Kibale wenye sokwe. Kisha hushuka kusini kupitia Hifadhi ya Malkia Elizabeth na Ishasha, likapanda Bwindi, na kurudi kwa njia ya Mbarara na Masaka, ambako wageni wote lazima wasimame Kayabwe kupigwa picha kwenye mstari wa ikweta, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Mwenye usukani huitwa dereva-mwongozaji, na neno dereva humpunja. Anajua mpishi yupi wa rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, hapunji wateja. Anajua barabara ipi ya udongo itageuka utelezi mvua ikinyesha usiku, na akiwa kwenye mashimo huwatangazia abiria kwamba masaji ya Kiafrika imeanza na haina malipo ya ziada. Utani huo umezeeka kuliko magari mengi yanayoubeba, lakini kila juma kuna kundi linalousikia kwa mara ya kwanza.

Kinachofanyika chini ya utani ni kazi ya kusoma watu. Kabla ya Mubende dereva mzuri ameshajua nani goti lake si zima, nani anaogopa mteremko, nani atalalamika na nani atanyamaza hata akiumia, ambaye ndiye wa hatari zaidi. Taarifa hizo hufika Buhoma au Ruhija, malango ya Bwindi, pamoja na gari. Asubuhi ya siku yenyewe, wageni wakiwa wanasikiliza maelezo na kuchagua fimbo za kutembelea, madereva huonekana pembeni wakizungumza kwa sauti ya chini na mkuu wa marenja. Wanapanga. Bibi wa miaka 70 apewe familia iliyolala karibu. Vijana wanne wenye viatu vya gharama wapewe ile iliyopanda mlima jana. Mgeni hupewa kundi lake na hudhani ni kura.

Familia gani imelala wapi, hilo linajulikana kwa sababu kuna walioliona jana. Alasiri wafuata nyayo huwaacha gorila mahali fulani, wakijua hawatakwenda mbali kabla ya giza. Gorila hulala na jua. Kila jioni kila mmoja, isipokuwa mtoto anayelala na mama yake, hukunja matawi na majani akajitengenezea kiota, na asubuhi hukiacha asikirudie tena. Kwa hiyo alfajiri wafuata nyayo wawili au watatu huingia msituni na kwenda pale walipoishia, na kutoka pale hufuata njia hadi kwenye viota.

Hapo ndipo kazi ya siku huanza hasa. Viota huhesabiwa. Kinyesi huangaliwa, maana gorila hujisaidia kitandani bila haya, na ukubwa wa mavi unasema mengi. Bonge linalozidi sentimita 7.2 kwa upana ni la dume aliyekomaa, na unywele mweupe ulionasa kwenye majani ya kiota humaliza ubishi. Mabonge madogo katika kiota kimoja na makubwa maana yake mama amelala na mwanawe. Hesabu ikipungua kuna maswali ya kujibu: mmoja anaumwa na amebaki nyuma? Jike kijana amehamia familia nyingine baada ya makundi mawili kukutana? Majibu hayapatikani kwa kukaa. Yanapatikana kwa kutembea.

Dunia inapotangaziwa idadi ya gorila wa milimani, takwimu zile zimetoka kwenye vitanda hivi. Sensa ya Bwindi ya mwaka 2018, iliyojumuisha msitu wa Sarambwe ulioko upande wa Congo, ilipata gorila 459. Ukijumlisha na wa milima ya Virunga, wakawa 1,063. Ndio wote duniani. Novemba mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira liliwashusha ngazi moja katika orodha ya wanyama walio hatarini, habari njema adimu katika taaluma iliyozoea matanga. Maabara zilichambua vinasaba, ndiyo, na magazeti yaliwanukuu wataalamu. Lakini kabla ya maabara kuna watu waliotembea msitu mzima, ukanda kwa ukanda, wakipima mavi kwa rula.

Kutoka kwenye viota njia husonga mbele, na anayeijua huisoma akiwa anatembea. Mwili wa kilo 160 ukipita kwenye majani huyalaza kuelekea unakokwenda, na jani lililogeuka huonyesha tumbo lake lililopauka. Utando wa buibui ulio mzima katikati ya mapito unasema hakuna aliyepita hapa asubuhi hii. Umande uliopukutishwa upande mmoja wa njia unasema kinyume chake. Gorila hutembelea vifundo vya vidole, na kwenye tope laini vifundo vinne hukaa kwa mstari. Alama iliyotobolewa na matone ni ya kabla ya mvua, iliyo laini ni ya baada. Na kama mvua ilikatika saa tisa usiku, mfuata nyayo ameshapata saa bila kuangalia saa.

Kisha kuna mabaki ya chakula. Gorila mkubwa hula kilo 20 na zaidi za majani na mashina kwa siku, na hali kwa adabu: humenya ganda, akatafuna moyo wa bua, akatupa. Mfuata nyayo huokota kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba kama mama wa soko la Nakasero anavyobonyeza parachichi, akakinusa, akakitupa. Ncha ikitoa maji, wamepita punde. Ikianza kugeuka kahawia, wako mbali kidogo. Ikinyauka, hii ni njia ya jana na kuna mahali imepishana na ya leo, hivyo inabidi kurudi nyuma. Yote haya hayachukui sekunde tano. Mtu aliyefuata nyuma yake huona tu mwenzake amesimama, ameinama, ameendelea.

Louis Liebenberg, Mwafrika Kusini aliyetembea kwa miaka na wawindaji wa Kisan huko Kalahari, alitoa mwaka 1990 kitabu kinachodai kwamba ufuataji wa nyayo ndio chimbuko la sayansi. Hoja yake ni kwamba mfuata nyayo haoni mnyama, anaona dalili. Kutokana na dalili huunda dhana juu ya mnyama alikokwenda na sababu yake, huijaribu kwa kutembea, na huitupa ikikataa. Baadaye alibuni, kwa kushirikiana na wafuata nyayo wasiojua kusoma wala kuandika, programu ya kompyuta ya mkononi inayotumia picha badala ya maneno. Msomi wa chuo anaweza kuona dai la sayansi limetiwa chumvi. Mara nyingi ni msomi ambaye hajawahi kupotewa na gorila.

Afrika Mashariki imeijua kazi hii tangu zamani, na imeisahau mara nyingi. Misafara iliyotoka pwani karne ya 19 ilitanguliwa na kirangozi, mtu wa mbele mwenye bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika Februari 1862 kwenye jumba la Kabaka Mutesa wa Buganda huko Banda, kilima ambacho leo kimo ndani ya Kampala, alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akaishi India na kurudi Zanzibar akiwa huru. Speke alisema naye Kihindustani, naye akaligeuza neno kwa Kiswahili ili lisonge mbele. Bombay alitembea pia na wapelelezi wengine: na Burton, na Stanley, na Cameron aliyevuka bara kutoka bahari hadi bahari. Vitabu vya kina Speke vilijaa sifa za kuvumbua. Royal Geographical Society ya London ilikuja kumpa Bombay medali ya fedha, jambo la haki, ijapokuwa majina yaliyobaki kwenye ramani ni ya watu aliowapeleka.

Kwa gorila historia ni fupi na majina machache yamebaki. Mwaka 1955 Mjerumani Walter Baumgartel alichukua hoteli ndogo ya Travellers Rest mjini Kisoro, chini ya mlima Muhavura, akawa miongoni mwa wa kwanza kufikiria kwamba watu wanaweza kulipa ili wawaone gorila badala ya kuwapiga risasi. Wazo lilikuwa lake. Utekelezaji ulikuwa wa Reuben Rwanzagire, mwongozaji wake mkuu. Rwanzagire ndiye aliyewapandisha mlimani watafiti wa kwanza wa miaka ile, kina Rosalie Osborn na Jill Donisthorpe, nao wote walitegemea miguu yake na uamuzi wake kuhusu wakati wa kusogea na wakati wa kurudi.

Kisha akaja mtafiti Dian Fossey. Januari 1967, akiwa ndiyo kwanza ameanza huko Kabara upande wa Congo, alikuta njia mbichi ya gorila akatambaa nayo kwa furaha dakika kadhaa, hadi alipogeuka na kuona kwamba mpigapicha Alan Root, aliyekuwa amekuja kumsaidia kuanza kambi, hamfuati. Root alikuwa amekaa palepale kwa utulivu. Alimweleza kwamba akitaka kukutana na gorila afadhali afuate wanakokwenda, siyo wanakotoka. Mwanamke aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko wote katika fani hii alikuwa amesoma njia kinyumenyume. Aliyemfundisha kuisoma sawasawa, siku baada ya siku, ni Sanwekwe, Mkongomani, na Fossey mwenyewe alikiri hivyo katika kitabu chake.

Kibale ni shule nyingine. Huko anayetafutwa ni sokwe, na sokwe hasomeki ardhini. Anaweza kupita juu ya miti nusu ya asubuhi bila kuacha hata ukucha kwenye tope, na jamii yake haitembei pamoja: hugawanyika vikundi vidogo, huungana, hugawanyika tena. Kwa hiyo mwongozaji wa Kanyanchu, kituo cha wageni cha Kibale, hutumia masikio na kalenda ya matunda. Anajua mkuyu upi umeanza kuiva na ni nani wataufuata kesho. Akishafika chini ya miti husimama na kuwaomba wageni waache kunong'ona. Kelele za sokwe huanza chini, zikapanda, zikawa mayowe. Na dume akipiga mizizi mipana ya mti kwa mikono na miguu, mlio husafiri kilomita nzima. Mwongozaji hukata kona kuelekea huko kabla wageni hawajakubaliana sauti imetoka upande gani. Wenye uzoefu huwatambua baadhi ya madume kwa namna wanavyopiga.

Msitu huohuo, wenye aina 13 za nyani, kima na ndugu zao, una kazi ngumu zaidi ya masikio. Kuna ndege mdogo wa ardhini, pita mwenye kifua cha kijani, ambaye wapenda ndege hutoka Ulaya na Marekani kwa ajili yake peke yake. Hujionyesha alfajiri kwa mlio mfupi akirukaruka kwenye tawi, kisha hushuka kwenye majani makavu na hapo hata ukimkanyaga hutamwona. Mwongozaji huwaingiza wageni msituni kukiwa bado giza, akisikiliza mlio huo mfupi. Akiukosa, siku imekwenda.

Kufika kwa mnyama ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni kuwazuia watu wanane wasiojuana wasifanye upumbavu mbele yake, na hapa anayesifiwa ni renja anayeongoza kundi. Wageni hawa wamelipa fedha nyingi, wamelowa, wamechomwa na majani yanayowasha, siafu wameingia kwenye soksi za asiyezivuta juu ya suruali kama alivyoambiwa. Sasa wako mita kumi kutoka kwa dume mwenye mgongo wa fedha, na kila mmoja anataka kusogea hatua moja zaidi. Renja hasemi sana. Hutoa sauti ya kooni, mguno wa pande mbili kama mtu mzima anayesafisha koo kabla ya kuzungumza, na dume hujibu au hanyanyui hata kichwa. Ni salamu ya gorila wenyewe, wanayopeana wakila, yenye maana kwamba hakuna tatizo. Watu walioifanyia mazoezi kwa miaka wanaitoa kwa urahisi wa kukohoa.

Dume akibadilisha mguno wake ukawa mkavu na wa kukatika, renja ameshausikia. Huwashusha watu wachuchumae, macho chini, na kama akija mbio hakuna kukimbia. Gorila anayekuja mbio mara nyingi hutisha tu na kusimama. Kujua hivyo ukiwa umekaa Kampala ni rahisi. Kumshika bega mgeni anayetetemeka ili asigeuze mgongo, huku wewe mwenyewe umebaki mahali pako, ni jambo ambalo darasa haliwezi kumpa mtu.

Umbali huo wa mita kumi una historia yake. Kabla ya janga la Uviko ulikuwa mita saba, na barakoa hazikuwepo. Lakini hofu ya magonjwa ni ya zamani. Mwaka 1996, miaka mitatu tu baada ya familia ya Mubare kufunguliwa kwa wageni Aprili 1993, gorila wa Bwindi walipatwa na upele, wakanyonyoka manyoya, na mtoto mmoja akafa. Dakta Gladys Kalema-Zikusoka, aliyekuwa ameajiriwa akiwa bado kijana kuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori wa hifadhi za taifa, aliwatibu, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwa binadamu: nguo chakavu zilizovalishwa vinyago vya kufukuzia wanyama mashambani. Mwaka 2003 akaanzisha shirika linalotibu watu na gorila kwa mpango mmoja. Renja anayemrudisha mgeni mwenye mafua getini, huku mgeni akipunga risiti, anafanya kazi iliyoanzia hapo. Vivyo hivyo anayesema saa moja ya kuwatazama gorila imekwisha. Saa moja ni saa moja, hata kama ndiyo kwanza mtoto wa gorila ameanza kucheza, na hapa ndipo mwongozaji dhaifu hujulikana: huangalia mikono ya wageni inayokwenda mfukoni kutafuta bakshishi, akaongeza dakika tano.

Kazi hii imewahi kudai damu. Tarehe 1 Machi 1999 waasi wa Kihutu kutoka Rwanda walivamia Buhoma wakitokea Congo, wakaua watalii wanane pamoja na ofisa wa hifadhi Mganda, Paul Wagaba. Tangu hapo wenye silaha hutangulia na kufuata kila kundi. Juni 2020, utalii ukiwa umefungwa na vijiji vikiwa havina kipato, Rafiki, dume kiongozi wa familia ya Nkuringo, alipotea machoni pa wanaomfuata kila siku. Walimtafuta, wakamkuta amekufa kwa kuchomwa na kitu chenye ncha kali. Mshukiwa alipatikana baada ya siku chache katika kijiji cha jirani, na Julai alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Aliingia msituni, kwa maelezo yake, kuwinda wanyama wadogo. Wawindaji na wafuata nyayo wamelelewa katika vijiji vilevile, na dalili wanazosoma ni zilezile.

Hapo kuna deni ambalo sifa za ufundi haziwezi kuliruka. Watu waliousoma msitu huu kabla ya yeyote ni Batwa, waliowinda, waliorina asali na kuzika wazee wao humo. Bwindi ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991 walitolewa, wengi bila ardhi wala fidia, wakawa vibarua kwenye mashamba ya wengine. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba hawakutendewa haki na ikaelekeza zichukuliwe hatua za kuwainua. Leo katika hifadhi ya jirani ya Mgahinga wapo Batwa wanaolipwa kuwaonyesha wageni jinsi babu zao walivyowasha moto kwa vijiti na kunusa mzinga wa nyuki. Ni ajira, na wanaoifanya wanajua thamani yake. Lakini kuna tofauti kati ya kuigiza ujuzi na kuutumia, na msafara wa haki ungewaweka zaidi mbele ya njia, wakitafuta gorila, kuliko pembeni wakicheza ngoma mwisho wa safari. Dola 10 za kila kibali cha gorila hupelekwa kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Kwa familia isiyo na shamba la kuvamiwa na nyani, mgao huo hufika ukiwa umechoka.

Vijana wanaotaka kazi hii siku hizi hawaanzii msituni. Katwe, kando ya ziwa la chumvi wilayani Kasese, kuna chuo cha taifa cha mafunzo ya wanyamapori. Mjini Kampala waongozaji wana vyama vyao, hufanya mitihani ya majina ya ndege, hubishana kuhusu rangi ya ukosi wa ndege fulani kwenye makundi ya WhatsApp hadi usiku wa manane. Mwisho wa juma wengine hupanda taksi kwenda Mabira, kwenye barabara ya Jinja, msitu ambao wakazi wa mji huu walimwaga damu kuutetea Aprili 2007 serikali ilipotaka kutoa takriban robo yake ilimwe miwa. Hufanya mazoezi asubuhi, na mchana hula kuku wa mishikaki na gonja, ndizi za kuchoma, pale Najjembe. Wanawake wanaongezeka, kwanza katika kuongoza watazamaji ndege, sasa pia katika usukani na ubebaji mizigo; mgeni anayeteleza kwenye mteremko wa Nkuringo mara nyingi hushikwa mkono na mpagazi mwanamke aliyevaa gamboti, ambaye jana alikuwa akipalilia viazi.

Simu za satelaiti na vifaa vya GPS vimeingia pia. Mfuata nyayo huandika mahali pa viota kwa nukta, ofisini ramani hujaa. Kifaa kinasema gorila walikuwa wapi. Hakisemi kwa nini leo wameacha mianzi na kushuka kijijini kumenya migomba, wala kwamba dume ana jeraha na hana subira.

Anayetaka kuuona ufundi wenyewe, si matokeo yake, aende Rushaga, upande wa kusini wa Bwindi. Huko kuna kibali cha aina nyingine, cha gorila ambao bado wanazoeshwa binadamu, kazi inayochukua miaka miwili au zaidi. Wageni ni wanne tu kwa kundi, muda wao na gorila ni saa nne, na huondoka pamoja na wafuata nyayo kwenda kwenye viota vya usiku. Kwa mara moja mteja anaona yote: kinyesi kikipimwa, bua likibonyezwa, watu wawili wazima wakibishana kwa Kikiga juu ya jani moja. Anaona pia njia ikipotea. Kwenye mwamba au kijito alama hukatika, na mfuata nyayo hasongi mbele kwa kubahatisha. Huweka tawi pale alipoona alama ya mwisho, kisha huzunguka duara polepole hadi akate njia upande wa pili. Wakati mwingine duara la kwanza halitoi kitu, na la pili pia. Kibali hicho ni ghali zaidi ya mara mbili ya kile cha kawaida, na sehemu kubwa ya siku mgeni huipitisha akimtazama mtu anayetazama chini.